PAA LINAVUJA? TUNDU HALIPO JUU YA GODORO LAKO!

Kaka na dada wa mjini, leo tuambizane ukweli. Radi imepiga saa nane za usiku, umeme umekatika, na geto kwako muziki ni mmoja tu: to... to... to. Beseni limejaa, sufuria ya wali imepanda kitandani, na lile godoro ulilolinunua kwa kujibana miezi mitatu umelisimamisha ukutani kama mgambo wa zamu. Asubuhi unamwita fundi. Fundi anapanda, anapaka lami juu ya pale panapodondoka, anakula chake, huyoo anakwenda zake. Mvua ya pili inakuja na muziki ni ule ule, to... to... to, tena pale pale!

Hapo wengi wetu huanza kulaumu lami, eti siku hizi ni feki. Wengine wanamlaumu jirani kwamba anawaroga. Jamani, lami haina kosa na jirani hana habari na wewe. Fundi amechemsha jambo moja tu: ameziba mahali maji yanapodondokea, hakuziba mahali yanapoingilia. Na sehemu hizo mbili, mpenzi msomaji, ni nadra sana kuwa moja.

Safu hii leo imepiga kambi Singida, mji wa majabali na maziwa mawili, Singidani na Kindai. Ukitaka kujua tabia za bati, huku ndiko kwenyewe. Kuanzia Mandewa mpaka Utemini, Majengo mpaka Misuna, vijana wamepanga vyumba chini ya bati, na wengi wao silingi bodi ni ndoto.

TEMBE LILIKUWA NA AKILI

Kabla ya bati kulikuwa na tembe. Wazee wa Kinyaturu, wa Kinyiramba na Wagogo wa upande wa Manyoni walijenga nyumba yenye paa la bapa: nguzo, magogo juu yake, kisha fito, nyasi na udongo ulioshindiliwa. Sisi watoto wa mjini tunalicheka tembe, lakini mwenye tembe alikuwa na jambo moja ambalo mwenye bati hana. Alijua kabisa kwamba paa lake ni udongo, na udongo huchoka. Kwa hiyo kabla mvua hazijaanza alipanda juu, akatazama nyufa, akaongeza udongo, akashindilia. Hakusubiri limdondokee usoni.

Bati lilipoenea tukajidanganya. Tukasema hiki ni chuma, kimeshapigiliwa, basi kazi imekwisha. Bati tunalipanda siku ya kuezeka, tunalikumbuka siku ya kuvuja, na katikati hapo inaweza kupita miaka kumi hakuna mtu aliyenyanyua shingo. Nyumba tumebadilisha, lakini ule utaratibu wa kupanda juu kila mwaka tumeuacha kwenye tembe. Kosa liko hapo!

Na hali ya hewa ya Singida haina msamaha. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na kwa kawaida mwaka mzima hupata milimita 500 hadi 800 hivi. Baada ya hapo ni kiangazi cha nusu mwaka. Miezi yote hiyo bati linachomwa na jua mchana na kupigwa baridi usiku, huku hakuna tone la mvua la kulipima. Likiharibika mwezi wa Julai, wewe utajua Desemba, tena usiku.

Hesabu yake ni hii. Bati la mita 3, likipata joto nyuzi 40 zaidi ya lilivyokuwa alfajiri, hurefuka karibu milimita moja na nusu. Jioni linajikunja kurudi lilikotoka. Unaona ni kidogo? Zidisha kwa siku 180 za kiangazi. Kila siku bati linautikisa msumari kidogo, mbele na nyuma, kama mtoto anayetikisa jino bovu. Mwishoni tundu linakuwa pana kuliko msumari wenyewe.

Sasa mvua ndiyo ije. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa 10, ikipigwa mvua ya milimita 20 tu, imepokea lita 1,200, sawa na ndoo kubwa 60. Hata kama kwenye kila ndoo inaponyoka nusu glasi tu, hiyo nusu glasi mara 60 inatosha kuua godoro, redio na vyeti vyako vya shule.

MAJI NI MSAFIRI

Maji yakishaingia kwenye tundu hayadondoki hapo hapo. Yanajishika chini ya bati, yanateremka nalo mpaka yakutane na papi. Yakifika kwenye papi yanaifuata, yanahamia kwenye kenchi, yanaiteremkia nayo, na yakikuta msumari au kiungio cha mbao ndipo yanasema basi, tushukie hapa. Kama kuna silingi, yanatambaa juu yake mpaka yapate upenyo, mara nyingi kwenye tundu la waya wa taa. Tundu linaweza kuwa sebuleni na wewe ukalowa chumbani.

Kama unabisha, panda Hiace ya abiria siku ya mvua. Carrier ya juu imefungwa kwa boliti, na mpira wa boliti ukifa maji yanaingia kwa nyuma na kutulia kati ya bati na lile pambo la ndani. Dereva akifunga breki, anayeogeshwa ni abiria wa siti ya mbele! Atalalamika mlango wa mbele unavuja, kumbe mhalifu yuko nyuma. Nyumba haifungi breki, lakini mchezo ni ule ule.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, iandike kwenye daftari: maji hayapandi mlima. Tundu halitakuwa upande wa chini wa pale panapodondoka. Litakuwa usawa ule ule au upande wa juu, kuelekea kwenye kofia ya paa. Fundi anayetafuta upande wa chini anakula muda wako.

KWANZA HAKIKISHA NI MVUA

Wapo wanaoziba paa zima kumbe paa halina tundu hata moja. Singida iko juu, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Usiku bati hupoa kuliko hewa ya ndani. Wewe na wenzako mmelala, mnapumua, na pengine mmepika humo humo na mlango mkaufunga. Ule mvuke unapanda, unakutana na bati la baridi, unageuka matone. Hilo ni jasho la bati.

Kulitambua ni rahisi. Matone yanakuja bila mvua, tena alfajiri, na yametapakaa karibu paa zima badala ya kuwa mahali pamoja. Dawa yake siyo lami, ni hewa. Acha nafasi ya kupitisha hewa chini ya paa, fungua dirisha kidogo, na kama inawezekana pikia nje. Kama yanadondoka wakati wa mvua tu, na daima ni pale pale, huyo ni tundu. Tumsake.

KUSAKA TUNDU HATUA KWA HATUA

Moja, subiri jua kali la saa sita. Funga mlango na madirisha, ziba mianga kwa kanga, zima taa, kisha tazama juu dakika chache mpaka macho yazoee giza. Kama huna silingi utaona nyota mchana! Kila nyota ni tundu. Chukua chaki au mkaa, weka alama kwenye papi iliyo karibu nayo.

Mbili, pale panapodondoka pima kwa futi. Ni mita ngapi kutoka ukuta wa mbele, ni ngapi kutoka ukuta wa pembeni. Andika. Ukipanda juu bila vipimo, mabati yote yanafanana na wewe utabaki unashangaa kama mgeni stendi.

Tatu, ukiwa juu nenda kwenye kipimo chako, halafu panda taratibu kuelekea kofia ukikagua msumari mmoja mmoja. Mguse kila mmoja kwa kidole. Ukicheza, huyo ni mtuhumiwa. Kagua pia mistari ya kutu inayoteremka. Kutu huacha nyayo, na nyayo hizo huanzia kwa mhalifu.

Nne, kama nyota hazionekani na misumari yote imekaza, fanya jaribio la maji. Mmoja anakaa ndani, mmoja anapanda na ndoo na kata. Anza kumwagia CHINI, karibu na ukingo wa paa, taratibu kwa dakika tano hivi. Kama ndani kumekavu, panda hatua moja, mwagia tena. Endelea hivyo hivyo mpaka wa ndani apige kelele. Usianzie juu hata siku moja, kwa sababu maji yatateremka na kulowesha paa zima, na hutajua ni wapi yalipoingilia. Na kwa kuwa maji ya Singida tunayaheshimu, ndoo mbili au tatu zinatosha kama hamna pupa.

WAHALIFU WENYEWE NI HAWA

Mhalifu namba moja ni msumari, huyo ndiye mkubwa wao. Ama umelegea, ama mpira wake umekauka na jua ukapasuka, ama fundi aliupiga bila mpira kabisa. Kibaya zaidi, yupo fundi anayepiga msumari bondeni, yaani kwenye mfereji wa bati ambako maji ndiko yanakopita. Msumari wa bati la mawimbi hupigwa juu ya mgongo, ambako maji hayakai.

Wa pili ni maungio. Kwa kubana pesa, fundi analaza bati juu ya jingine kwa vidole viwili. Kwa urefu, bati la juu linatakiwa limlalie mwenzake sentimita 15 au zaidi, na paa likiwa la bapa ongeza. Kwa upana, limlalie wimbi moja na nusu mpaka mawili. Pia ungio la pembeni lisielekezwe kwenye upepo. Singida ni mji wa upepo hasa. Pale Kititimo ulipimwa wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, ndiyo maana watu wa umeme wa upepo wamekuwa wakipamezea mate. Upepo mwingi huku hutoka mashariki, na mdomo wa bati ukiangalia mashariki, mvua inasukumwa kuingia ndani kama abiria wa stendi.

Wa tatu ni mawe. Ukitembea mitaani utaona mawe na matairi mabovu yamewekwa juu ya paa, eti bati lisipeperuke. Jiwe linakwangua ile ngozi ya zinki inayolinda chuma, na chini yake unyevu unakaa siku nzima. Baada ya muda unaliondoa jiwe, unakuta tundu la umbo la jiwe! Bati linalopepea linahitaji misumari mizuri na papi zilizofungwa vyema kwenye kenchi.

Wa nne ni saruji. Mahali bati linapokutana na ukuta, na chini ya kofia, mafundi wengi hupachika saruji. Saruji mbichi inakula zinki, na ikishakauka haijui kurefuka na kujikunja na bati. Inapasuka msimu wa kwanza. Mahali hapo panataka kipande cha bati kilichokunjwa, kikaingia ukutani kwa juu na kulalia paa kwa chini.

Wa tano ni wageni wa paa: nguzo ya dishi, fremu ya sola, bomba la moshi. Kila mmoja alipofungwa aliacha matundu. Ukiona paa lako limeanza kuvuja mwezi mmoja baada ya kupata televisheni, usiende kwa mganga.

TIBA YENYEWE

Msumari uliolegea usiupige nyundo tu ukadhani umemaliza. Tundu limeshapanuka, na ukiupiga kwa hasira mgongo wa bati unabonyea na kutengeneza kidimbwi. Ung'oe. Weka skrubu ya bati iliyo nene na ndefu kidogo, yenye mpira wake, ikamate mbao upya. Kaza mpaka mpira ukae sawasawa, siyo mpaka ukamuke pembeni. Kama mbao ya hapo imeoza, hamia pembeni na tundu la zamani lizibe.

Tundu dogo linatibika kwa lami ya maji au silikoni ya nje, lakini kwa masharti. Futa vumbi, kwangua kutu kwa msasa au brashi ya waya, hakikisha pamekauka kabisa. Paka tabaka moja, laza kipande cha kitambaa chepesi, paka la pili juu yake mpaka kitambaa kisionekane. Lami iliyopakwa juu ya vumbi na unyevu inabanduka kama plasta ya jana, hapo ndipo tunapoanza kuiita feki.

Tundu kubwa halitaki lami, linataka kiraka cha bati. Na kiraka kina adabu yake: ncha ya juu iingie CHINI ya bati la juu, ncha ya chini ilale JUU ya bati la chini, kama magamba ya samaki. Ukikibandika juu juu tu, maji yanayoteremka yatakuta mlango wazi. Bati lililoliwa na kutu sehemu kubwa, libadilishe. Na ukienda dukani kumbuka hesabu ya geji imekaa kinyumenyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Bei ya chini ina sababu yake.

USIFE KWA AJILI YA TONE

Tunaongea kwa utani lakini hapa naomba tuelewane. Bati lililolowa linateleza kuliko sabuni, kwa hiyo hakuna kupanda wakati wa mvua, hata kama mama mwenye nyumba anapiga kelele. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake kuna papi, na katikati ya papi bati linaweza kubonyea nawe. Usipande peke yako, ngazi ishikwe na mtu. Angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani uko wapi kabla hujanyanyua bati refu.

Na maji yakionekana yanatokea kwenye taa au swichi, kazi ya kwanza siyo beseni. Zima meni swichi, ukiwa mkavu na umevaa viatu, kisha ndiyo habari ya beseni. Silingi ikivimba kama tumbo, toboa tundu dogo kwa msumari pale katikati na uweke ndoo chini. Ukiiacha itashuka yote kwa mpigo, na ulalaye chini yake ni wewe.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo urafiki wa mpangaji na mwenye nyumba unapovunjika. Mzee anasema, "Mwanangu, wewe ndiye unayelala humo." Mpangaji anajibu, "Shikamoo mzee, lakini paa ni lako." Nani mkweli?

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 haikulisahau jambo hili. Mtu akipangisha sehemu tu ya jengo, kama vile chumba kimoja katika nyumba yenye vyumba sita, wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni wa mwenye nyumba, isipokuwa kama mkataba wenu umesema vingine. Kwa hiyo kabla hujalipa kodi ya miezi sita kwa mbwembwe, soma mkataba wako, na kama hakuna mkataba dai uandikwe. Ingia chumbani, tazama juu. Madoa ya kahawia kwenye silingi au michirizi ya kutu kwenye papi ni barua kutoka kwa mvua za mwaka jana.

Pakianza kuvuja, usigombane. Piga picha kwa simu, andika tarehe, mpelekee mzee kwa heshima. Kama hana pesa kwa wakati huo, kubalianeni kwa maandishi kwamba utatengeneza na gharama itakatwa kwenye kodi, na risiti zote za skrubu na lami uzitunze. Ikishindikana, mwenyekiti wa mtaa yupo. Lakini usikate kodi kimya kimya bila makubaliano, utaambiwa wewe ndiye mkorofi na vitu vyako vitakutwa uani.

Na haya yote, wapendwa, yafanyike kiangazi. Mwezi wa Septemba au Oktoba fundi hana foleni, bati ni kavu, lami inashika, na mzee mwenye nyumba anaongeleka. Desemba kila mtaa unamtaka fundi huyo huyo siku hiyo hiyo. Skrubu kumi na mikono miwili, asubuhi moja ya Jumamosi, zinakutosha kulala usingizi msimu mzima. Mwenye tembe alilijua hilo bila kwenda shule.

Ni hayo kwa wiki hii. Nyanyua shingo, tazama juu!